Fleti imechelewa na mwendelezaji anadai awamu nyingine: nilipe, nivunje mkataba au nisubiri?

Swali la msomaji:

Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Dubai. Machi 2022 nilisaini mkataba wa kununua fleti ya vyumba vitatu Mbezi Beach, jengo likiwa bado kwenye ramani. Bei ni shilingi milioni 280 na nimeshalipa milioni 196, yaani asilimia 70. Nilitakiwa kukabidhiwa Juni 2024. Jengo limesimama hadi juu na nje limepigwa lipu, lakini ndani bado. Nimepokea barua tatu: mara mvua, mara dola hazipatikani, mara vifaa vimepanda bei. Sasa mwendelezaji anataka nilipe awamu inayofuata ya asilimia 20 ili kuharakisha umaliziaji, na nisaini nyongeza ya mkataba inayosogeza tarehe hadi Desemba. Mama yangu yuko nyumba ya kupanga Sinza, namlipia laki tano kwa mwezi. Kaka yangu anasema nisitoe hata senti. Rafiki yangu anasema nivunje mkataba niende mahakamani. Huku naambiwa pesa za wanunuzi hukaa kwenye akaunti maalumu, mbona kwetu sivyo? Nifanyeje?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Jibu fupi ni hili: nyongeza hiyo usiisaini kama ilivyoletwa, milioni 56 usizitume wiki hii, na wala usikae kimya ukidhani kutolipa ni silaha. Jibu refu linataka kalamu na karatasi, maana ndani yake mna hesabu.

Mimi si wakili. Ni mkadiriaji majenzi; kazi yangu ni kupanda ngazi za majengo yasiyoisha, kupima kilichojengwa na kusema mkandarasi anastahili kulipwa kiasi gani. Kwa hiyo nalitazama swali lako kutoka upande ambao kaka yako na rafiki yako hawajaugusa. Wao wanabishana kuhusu tarehe. Tarehe imeshapita, na mwendelezaji anaweza kukuandikia nyingine kila baada ya miezi mitatu bila kumgharimu kitu. Kinachokuhusu wewe ni kama fedha za kumalizia jengo zipo, ziko mikononi mwa nani, na kama hazipo zitatoka wapi. Maghorofa hayachelewi mwaka mzima kwa sababu zege limegoma kukauka.

Mifano ya wazi tunayo hapa hapa Dar es Salaam. Mradi wa nyumba wa Dege kule Kigamboni, ambao NSSF ilikuwa mbia, ulisimama mwaka 2016 maghorofa yakiwa yameshanyanyuka. Shirika la Nyumba la Taifa nalo lilikaa miaka na miradi yake ya Morocco Square na Kawe 711 ikiwa imekwama, kazi ikarudi baada ya njia ya fedha kufunguka. Hizo ni taasisi za umma, zenye ardhi na jina. Mafundi walikuwepo, mchanga ulikuwepo. Kilichokatika ni fedha. Kampuni binafsi yenye mradi mmoja Mbezi haina kinga dhidi ya jambo hilo.

Jengo linadanganya macho

Nguzo, mihimili, slabu na kuta ndizo zinazopigwa picha, na kwa kawaida huenda haraka. Baada ya hapo inakuja sehemu inayomeza fedha: mabomba, nyaya, lifti, madirisha ya aluminiamu, vigae, milango, makabati ya jikoni, rangi, matangi na pampu, jenereta, transfoma ya TANESCO. Katika maghorofa ya makazi, siku boma linapofika juu kabisa, kazi iliyobaki kwa thamani inaweza kuwa nusu au zaidi. Hivyo unaponiambia jengo limesimama na nje lina lipu, mimi sisikii jengo linalokaribia kuisha. Nasikia jengo ambalo sehemu yake ya bei kali ndiyo kwanza inaanza.

Sasa chukua karatasi. Namba nitakazotumia ni za mfano. Zako halisi utazipata ukishapima. Bei yako ya milioni 280 si gharama ya ujenzi. Ndani yake kuna kiwanja, ada za wataalamu na vibali, kodi, matangazo, na faida ya mwendelezaji. Tuseme ujenzi wenyewe ni milioni 180 kwa kila fleti. Tuseme pia mtaalamu amepita na kukuta kazi imefika asilimia 60. Iliyobaki ni asilimia 40 ya milioni 180, yaani milioni 72 kwa kila fleti. Wewe unadaiwa bado milioni 84. Kwa upande wako peke yako, hesabu inakaa: deni lako linatosha kumalizia fleti yako na chenji inabaki.

Lakini fleti yako haiwezi kuisha peke yake. Lifti ni ya jengo zima, bomba la maji taka ni la jengo zima, transfoma vilevile. Tuseme fleti ni 32 na zilizouzwa ni 20, wote wakiwa wamelipa kama wewe. Kazi iliyobaki ni milioni 72 mara 32, yaani bilioni 2 na milioni 304. Madeni ya wanunuzi ni milioni 84 mara 20, yaani bilioni 1 na milioni 680. Pengo ni milioni 624. Hizo zitatoka kwenye mkopo wa benki, kwenye mauzo ya zile fleti 12, au mfukoni mwa mwendelezaji. Zisipotoka kokote kati ya hapo, hakuna Desemba, na milioni 56 zako zikiingia leo zitalipa madeni ya jana: mshahara wa mlinzi, saruji iliyokopwa, mkandarasi aliyetishia kuondoka.

Ndiyo maana swali la kwanza kumpelekea mwendelezaji, kwa maandishi, si "lini?" Ni haya: fleti ngapi zimeuzwa, kazi iliyobaki inagharimu kiasi gani, na fedha hizo zinatoka wapi. Mwendelezaji mwenye mpango atakujibu, hata kama jibu halimpendezi. Asiye na mpango atakutumia picha za vigae.

Jinsi ya kupima ukiwa Dubai

Usitegemee picha za kundi la WhatsApp la mradi. Tafuta mkadiriaji majenzi au mhandisi aliyesajiliwa. Wakadiriaji na wasanifu wanasajiliwa na AQRB, wahandisi na ERB, na majina unaweza kuyahakiki. Mlipe ada ya ukaguzi wa siku moja na umpe nakala ya mkataba wako pamoja na ratiba ya malipo. Ukilinganisha na milioni 56, ada hiyo ni ndogo. Mwambie akuandikie ripoti ya kurasa chache yenye picha zenye tarehe, na aseme wazi kila kipengele kimefika wapi: mabomba ya umeme yamezikwa ukutani au bado, shimo la lifti lina reli au ni tupu, madirisha yamefungwa au yako kwenye karatasi.

Kuhusu lifti nakazia. Lifti huagizwa nje, hutaka malipo ya awali ndipo kiwanda kianze, kisha meli, kisha bandari, kisha kufungwa na kukaguliwa. Ni suala la miezi mingi. Kama mwendelezaji anakuahidi Desemba na hawezi kukuonyesha hati ya malipo ya awali ya lifti, Desemba hiyo ni ya mdomoni tu. Na wewe uko ghorofa ya ngapi? Mama yako atapanda kwa miguu?

Mtaalamu wako akifika, amwombe mkandarasi au msanifu hati ya mwisho ya malipo ya mkandarasi na aulize ililipwa lini. Hapo ndipo siri zote hukaa. Mkandarasi ambaye hajalipwa miezi minne hupunguza mafundi taratibu, wa kwanza kuondoka wakiwa wale wazuri, kisha huhamishia mitambo kwenye mradi mwingine, kisha hubaki na watu sita wanaochanganya zege ili ionekane kuna kazi. Bango la mradi getini litakuonyesha jina la mkandarasi. Hakiki CRB, bodi inayosajili makandarasi, kama usajili wake uko hai na kama daraja lake linaruhusu jengo la ukubwa huo.

Na kama una ndugu anayeweza kupita pale Jumatatu asubuhi, asiende ofisini. Aende kwa mama ntilie anayewauzia mafundi chakula. Aulize siku hizi anauza sahani ngapi mchana na mwaka jana alikuwa anauza ngapi. Nimesoma ripoti nyingi za maendeleo ya kazi zenye grafu za rangi, na nyingi hazikunipa ukweli kama unaopatikana kwenye sufuria hilo.

Hati iko wapi?

Wakati mtaalamu anapima, wakili wako afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati na mwingine BRELA, wanakosajili kampuni. Wa kwanza utaonyesha kiwanja ni cha nani hasa na kama kimewekwa rehani. Wa pili utaonyesha wenye kampuni na madeni yaliyosajiliwa juu ya mali zake. Hapa watu wengi hushtuka. Kiwanja kuwa rehani benki si dhambi. Ndivyo miradi inavyojengwa. Tatizo ni pale benki haijui kwamba wewe upo. Mpaka jengo likamilike na hati za sehemu za jengo, yaani hati ya kila fleti, zitolewe chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008, ulichonacho ni mkataba na risiti. Mwendelezaji akishindwa kulipa mkopo, benki yenye rehani iliyosajiliwa inakuwa mbele yako kwenye foleni. Dai, kwa hiyo, barua ya benki inayosema kwamba ukimaliza kulipa, sehemu yako itaachiliwa. Ukiambiwa barua hiyo "inashughulikiwa", jua haijaombwa.

Wakili anaweza pia kukushauri kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, yaani tangazo linalozuia kiwanja kuuzwa au kuwekwa rehani, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Zuio lina nguvu, ila lifikirie vizuri. Kama mradi unangoja mkopo ili uishe, zuio lako laweza kuufunga mlango wa mkopo huo, na hapo utakuwa umejizuia mwenyewe. Ningeliweka haraka kama ripoti ya ukaguzi ni mbaya, au kama kuna dalili kiwanja kinauzwa au fleti moja inauzwa kwa watu wawili. Kama kazi inaendelea, ningesubiri.

Sababu tatu walizokupa

Mvua: anayejenga Dar es Salaam anajua masika huja Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Ratiba isiyo na masika ndani yake haikuwa ratiba. Hata hivyo tuwe wa haki. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 hadi miezi ya mwanzo ya 2024 zilikuwa nyingi kupita kawaida, na mkandarasi aliyekuwa juu ya paa wakati huo anastahili kuongezewa wiki kadhaa. Wiki, si mwaka. Na kupiga vigae ndani ya jengo lenye paa hakuhitaji jua.

Dola: ni kweli, 2023 na sehemu ya 2024 dola zilikuwa adimu nchini, na waagizaji walikaa foleni benki. Lifti na aluminiamu ziliguswa. Lakini sababu ya kweli huwa na karatasi. Waonyeshe ankara ya msambazaji na tarehe waliyoomba fedha za kigeni benki. Kisha angalia kipengele cha sababu zilizo nje ya uwezo wa mtu katika mkataba wako. Mingi inamtaka mwendelezaji akupe taarifa ndani ya siku kadhaa tangu tatizo lianze. Barua iliyokuja miezi minane baadaye haiokoi kitu. Kama bei yako iliandikwa kwa dola, mwambie wakili aangalie pia kanuni za Machi 2025 zinazokataza kutaja bei na kupokea malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Vifaa kupanda bei: hiyo si sababu. Ulikubaliana bei, na hatari ya saruji kupanda ni yake isipokuwa mkataba uliihamishia kwako kwa maneno ya wazi. Saruji ingeshuka, asingekurudishia chenji.

Nyongeza ya mkataba inachukua nini

Sasa tuje kwenye karatasi wanayotaka uisaini. Wewe umeisoma kama karatasi ya tarehe. Isome tena ukitafuta sentensi inayosema pande zote "zinakubali kwamba hakuna dai lolote lililotokana na kuchelewa kwa awali", au maneno ya namna hiyo. Mara nyingi ndiyo sababu halisi ya nyongeza kuwepo. Ukisaini, kodi ya mama yako tangu Juni 2024 imeondoka, na saa ya kuchelewa inaanza upya Desemba.

Hata usiposaini chochote, kuna mtego ambao wanunuzi wachache wanaujua. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema pale ambapo muda ni wa msingi katika mkataba, yaani tarehe yenyewe ni sharti kuu, na mwenzako akashindwa kutimiza kwa wakati, una haki ya kuuvunja. Lakini ukikubali kupokea baada ya tarehe, huwezi tena kudai fidia ya ucheleweshaji, isipokuwa wakati wa kupokea umempa taarifa kwamba utadai. Waza hali yako: uko Dubai, wanampigia kaka yako simu aje achukue funguo, anafurahi, anasaini kitabu, anapiga picha ya sebule. Pale pale fidia yako inaweza kuwa imekwenda na furaha hiyo. Kwa hiyo yeyote atakayekuwakilisha, mpe hati rasmi ya uwakilishi iliyothibitishwa Ubalozi Mdogo wa Tanzania pale Dubai, na uandike humo kwamba hana mamlaka ya kupokea funguo bila kukabidhi barua yako ya kuhifadhi dai.

Muda kama ni wa msingi au la, hilo ni suala la maneno ya mkataba na mwenendo wenu. Mikataba mingi ya waendelezaji ina kipengele cha kuwaruhusu kuongeza muda, na barua tatu ulizopokea bila kujibu zitatumika kuonyesha kwamba ulikubali. Kama muda si wa msingi, huwezi kuuvunja mkataba kwa kuchelewa tu, ila fidia unaweza kudai. Wakili anaweza kuandika notisi inayotoa muda wa mwisho unaoridhisha na kuufanya kuanzia hapo uwe wa msingi.

Fidia yenyewe, kifungu cha 73, ni hasara iliyotokana kwa kawaida na uvunjaji, au ile ambayo pande zote mlijua tangu mnasaini kwamba ingetokea. Rudi kwenye simu yako ya 2022. Kama kuna ujumbe uliomwandikia ofisa mauzo kwamba fleti ni ya mama na ataondoka kwenye nyumba ya kupanga, uhifadhi kama dhahabu. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Mkataba wa pango wa Sinza na risiti za kodi viwekwe pamoja nao. Kama mkataba wa fleti umetaja kiasi cha fidia kwa kila mwezi, kifungu cha 74 kinaipa mahakama uwezo wa kukupa fidia inayofaa isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo kiasi kilichotajwa ni dari, si ahadi.

Kuhusu kutolipa

Kaka yako ana hasira ya haki na ushauri wa hatari. Fungua ratiba ya malipo. Kama asilimia 20 inalipwa kwa hatua, mfano "baada ya vigae na madirisha kukamilika na msanifu kuthibitisha", basi hudaiwi mpaka hatua hiyo ithibitishwe, na jibu lako ni sentensi mbili za heshima. Kama inalipwa kwa tarehe ya kalenda, mambo ni magumu: tarehe ikipita kimya, wewe ndiye unayeonekana mvunjaji, na mkataba huenda unamruhusu kukutoza riba, au kuuvunja na kukata sehemu ya ulicholipa. Sheria inatambua ahadi zinazotegemeana, kwamba asiyetimiza ya kwake hawezi kukubana utimize ya kwako, lakini hoja hiyo inasimama vizuri kama uliiandika kabla ya tarehe ya malipo. Ukiiandika baada ya kudaiwa inasikika kama kisingizio.

Njia ninayoipenda ni kulipa kwa masharti. Pendekeza milioni 56 zigawanywe kwa hatua nne au tano zinazopimika ndani ya jengo, kila moja ilipwe baada ya mkadiriaji asiye wa upande wao kuthibitisha, na fedha zikae akaunti ya wakili au benki mpaka hatua itimie. Hapa ndipo swali lako la Dubai linapoingia. Huko Sheria Na. 8 ya 2007 inamlazimisha mwendelezaji kuweka fedha za wanunuzi kwenye akaunti ya dhamana ya mradi. Tanzania hatuna sheria ya kulazimisha hivyo, na kwa maoni yangu ni pengo kubwa kuliko yote katika sekta ya milki. Lakini hakuna sheria inayokataza wawili kukubaliana. Mwendelezaji anayekataa fedha zako kwa sababu tu zimewekewa hatua amekuambia zinakwenda wapi.

Kuvunja, kuuza, au kungoja

Rafiki yako anasema vunja. Inawezekana, na una miaka sita ya kufungua dai la mkataba tangu haki ilipovunjwa, kwa hiyo hakuna moto. Swali ni: hukumu ya kurudishiwa milioni 196 utaikusanya kwa nani? Kampuni ambayo mali yake pekee ni jengo lisiloisha, tena lililo rehani, haina mahali pa kuzitoa. Angalia pia kama mkataba unataka usuluhishi kwanza. Ukiuruka, mahakama inaweza kusimamisha kesi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020. Na dai la kurudishiwa fedha ni la mkataba, dai la kupewa fleti linagusa ardhi; wakili achague mlango sahihi mapema, maana kesi zilizotupwa kwa kugonga mlango usio wake ni nyingi.

Kuuza nafasi yako kwa mnunuzi mwingine ni njia watu wanaisahau. Kwa kawaida inahitaji idhini ya mwendelezaji na pengine ada, na utauza kwa hasara kidogo, ila fedha utakayopata ni fedha. Nisingemficha mnunuzi huyo hali ya jengo.

Kama ripoti itaonyesha kazi imefika, tuseme, asilimia 60 au zaidi, mafundi wapo, lifti imelipiwa na benki inaujua mradi, mimi ningengoja kwa masharti. Kama site ni kimya, mkandarasi anadai, na mwendelezaji hataki kusema fleti ngapi zimeuzwa, ningetafuta wanunuzi wenzangu wiki hiyo hiyo. Wanunuzi 20 wenye wakili mmoja na mkadiriaji mmoja wanasikilizwa na benki; mmoja mmoja hukaribishwa soda na kuondoka. Wapo walioamua kuchanga na kumalizia jengo wenyewe kwa makubaliano na mwendelezaji. Ni kazi ngumu yenye ugomvi mwingi, nami ningeishauri tu pale hati ikiwa safi.

Siku ya funguo, ikifika, asilimia 10 ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka orodha ya kasoro imesainiwa, LUKU yako ni ya peke yako, maji yanafika ghorofani kwako kwa nguvu, na cheti cha kukalika kutoka manispaa umekiona kwa macho.

Kwa leo, andika barua hii kwa maneno yako, kabla ya tarehe ya awamu:

"Nimepokea barua yenu ya kuomba malipo ya asilimia 20 na rasimu ya nyongeza ya mkataba. Tarehe ya makabidhiano ilikuwa Juni 2024 na haijatimizwa. Barua zenu za awali sikuzikubali kama ongezeko la muda. Nahifadhi haki yangu ya kudai fidia ya ucheleweshaji, ikiwemo kodi ya pango ninayolipa, hata kama nitapokea fleti baadaye. Niko tayari kulipa awamu hii kwa hatua zitakazothibitishwa na mkadiriaji majenzi huru, fedha zikishikiliwa na wakili. Naomba ndani ya siku 14 mnipe: idadi ya fleti zilizouzwa, gharama ya kazi iliyobaki na chanzo cha fedha zake, hati ya mwisho ya malipo ya mkandarasi, uthibitisho wa oda ya lifti, na barua ya benki kuhusu kuachilia sehemu yangu. Naomba pia mtaalamu wangu aruhusiwe kuingia kwenye jengo tarehe atakayowajulisha."

Mpe wakili aipitie, itumwe kwa barua pepe iliyotajwa kwenye mkataba, na nakala nyingine ipelekwe kwa mkono ofisini kwao, aliyepokea agonge muhuri na kusaini. Wakigoma kugonga muhuri, mpelekaji aandike jina la aliyekataa, siku na saa.